Mshale Uliotazama Moshi

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Mashine Ndogo.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini u mzima, na kwamba karakana yako bado ina mafundi wanaochafuka. Mimi ni mpasua mbao, kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na minne. Namshtaki mwanachama wako, yule mwanamke wa karakana yenye mlango wa bluu, ambaye kwa bahati yangu mbaya ni mdogo wa mke wangu. Naomba afungiwe karakana. Nitasema kwa adabu, maana shemeji ni shemeji.

Nyuma ya nyumba ya mama mkwe kuna mti mkubwa ulioegamia paa tangu mvua za mwezi uliopita. Niliahidi kuukata. Siku hiyohiyo msumeno wangu wa mashine ukakwama, pistoni imechubuka ubavu mzima. Shemeji akadai eti nilitia petroli tupu bila kuichanganya na oili. Kweli sikuichanganya. Lakini petroli si mafuta? Tangu lini mafuta yakahitaji kupakwa mafuta? Tangu hapo mama mkwe amehamia kwangu kwa kuuogopa mti. Leo ni siku ya kumi na tisa, na anakalia kiti changu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabla ya kugusa pistoni mpya alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, utadhani anakwenda kuzalisha.

2. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akapanga vipuri mstari mmoja. Kitambaa kingine akaziba nacho mdomo wa injini, eti kilipu inayoshika pini ya pistoni isitumbukie ndani. Kilipu yenyewe ndogo kama ukucha wa mtoto! Wahenga walishasema, mchagua jembe si mkulima.

3. Alizipaka ringi za pistoni oili, akazibana kwa vidole, akaishusha silinda juu ya pistoni polepole, bila nyundo. Nilimpa nyundo yangu kwa moyo safi. Akaiweka dirishani. Naomba irudishwe.

4. Hili ndilo kubwa. Kwenye kichwa cha pistoni kuna mshale. Fundi wako aliuelekeza kwenye ekzosi! Mashine inakata mbele, mshale unatazama moshi. Nilipouliza, akasema ukigeuzwa, ncha za ringi zitanasa kwenye tundu la kutolea moshi. Nikabeba msumeno wangu, kwa heshima. Nilipofika nyumbani nikaifungua injini, nikaugeuza mshale utazame mnyororo, kunakofanyika kazi. Nikavuta kamba. Ikalia kraa, ikagoma. Hiyo ndiyo kazi ya fundi wako, Mwenyekiti: mashine aliyoizoesha upotofu haikubali tena kusahihishwa.

5. Nilipompelekea tena msumeno, alichungulia ndani ya silinda, akanitazama, akafunga mlango akaenda kula. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Iliniuma sana.

Kwa hiyo naomba afungiwe, anyang'anywe uanachama, na Umoja wako uviandikie viwanda kwamba kuanzia sasa kila pistoni ichorwe mishale minne, ili mteja achague anaoupenda.

Nisalimie mafundi wote, mlinzi wa lango, mama watoto, na yule mzee wa kunoa minyororo ambaye hunielewa kwa sababu hasikii vizuri.

Wako katika kutetea haki,

Mpasua Mbao.

Baada ya sahihi: Nimemsomea mama mkwe barua hii ili aone ninavyompigania. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza maswali mawili tu: la kwanza nani aliinyima mashine oili, na la pili nani aliugeuza mshale. Sikuwa na jibu lililomhusu mtu mwingine. Akainuka kwenye kiti changu, akafunga kifurushi chake, akarudi kwake. Alisema afadhali kulala chini ya mti ulioegama, maana mti haujifanyi umesimama wima. Sasa upepo umeanza na mimi naogopa, Mwenyekiti, nakwambia kweli. Kiti kiko wazi na siwezi kukikalia. Naomba kabla ya kumfungia shemeji uende wewe mwenyewe umbembeleze aje na pistoni ya tatu, maana mimi hatanifungulia. Autazamishe mshale kokote anakotaka. Nyundo abaki nayo.