Nani Kasema Njaa Inauma?

Siku Koma alipouona utajiri, alikuwa ameegemea mlango wa duka la fotokopi lililotazamana na geti la chuo kikuu, akichokonoa meno ilhali hakuwa amekula kitu. Waliomwita Koma walikuwa na sababu: maneno yake hayakuwahi kufika kwenye nukta. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakitoka darasani na insha zao mkononi, nyuso zimewashuka kama watu waliotoka kuzika. Binti mmoja akasimama mbele ya duka, akaangua kilio.

"Nini tena, mdogo wangu?" Koma akauliza, kwa sauti ile iliyowahi kumuuzia mwenye upara kitana.

Binti akamwonyesha insha. Alikuwa ameandika, kwa Kiingereza alichokitolea jasho, kwamba njaa inauma. Pembeni mhadhiri amechora kwa wino mwekundu: *Nani kasema?*

"Na hapa chini?"

"Hapo nimesema mtoto mwenye njaa hamsikii mwalimu."

Napo wino: *Nani kasema?*

"Si mimi nimesema, kaka! Nimelala njaa mwenyewe!"

"Kosa lako ndilo hilo. Wewe uko hai na tunakuona. Ungekuwa umekufa, au unaishi ng'ambo, wangekuamini."

Tusicheke upesi. Ziko nchi ambazo mtu akifikiri kwa lugha ya mama yake huambiwa bado hajafikiri. Akishafikiri kwa lugha ya watu, huulizwa ametumwa na nani. Koma aliyajua hayo kwa mgongo wake. Miaka ya nyuma alitolewa chuoni humohumo kwa kufeli somo hilohilo, Uandishi wa Kitaaluma kwa Kiingereza. Mhadhiri aliyemfelisha, ambaye sasa amenenepa na kuwa mkuu wa idara, alimrushia insha mbele ya darasa zima: "Hiki ni Kiingereza cha sokoni." Koma alikuwa hodari wa kusahau. Hilo halikusahaulika. Alilotaka duniani lilikuwa moja tu: aingie tena mle ndani kama mtu, na yule bwana amvutie kiti.

"Nenda kanawe uso," akamwambia binti. "Kesho nitakupa aliyesema."

Akaingia ndani, ambako shangazi yake, mwenye duka, alikuwa akichapa barua ya mtu.

"Shangazi, nahitaji profesa."

"Wa kula au wa kufuga?"

"Wa kunukuu."

Basi hapo, kati ya mashine ya fotokopi na feni iliyokataa kuzunguka, akazaliwa Profesa Kisogo: bingwa wa ng'ambo, mwandishi wa vitabu vizito visivyopatikana popote. Kisogo akasema njaa inauma. Alisema kwa sentensi ndefu ya Kiingereza isiyovuta pumzi, ambayo mtu angeweza kufa njaa kabla hajaimaliza. Binti akapata alama za juu, na pembeni mhadhiri akaandika: *Hatimaye umesoma.*

Foleni ikafika barabarani. Kisogo akasema kuhusu mbolea, akasema kuhusu mahari, akasema kuhusu mitaro ya maji machafu. Koma alitunga, Shangazi alichapa, na pesa za wanafunzi zikapotelea kwenye mifuko ya Koma.

"Fungu langu, mwanangu?"

"Lipo, Shangazi. Tumelipanda, linakua."

"Linakua wapi, mbona sioni hata jani?"

Sasa, mtu atauliza: wahadhiri hawakushtuka? Washtuke vipi? Kuuliza Kisogo ni nani ni kukiri kwamba hujamsoma, na msomi yuko radhi avuliwe suruali hadharani kuliko kuvuliwa hilo. Kwa hiyo nao wakaanza kumnukuu. Mkuu wa idara alimtaja kwenye hotuba huku amefumba macho, kama mtu anayekumbuka pilau ya harusi yake.

Ndipo ikaja barua, kwa anwani ya duka, maana ndiyo Koma aliyoiandika kwenye orodha za vitabu. Chuo kinamwalika Profesa Kisogo afungue kongamano, kimtunuku uprofesa wa heshima, na kimpe nyumba ndani ya chuo, yenye bustani.

Koma aliruka hadi akagonga feni, nayo ikaanza kuzunguka.

"Shangazi, nahamia ndani!"

"Na mimi?"

"Wewe? Mke wa mkuu wa idara akikuona na vidole hivyo vya wino atasemaje? Baki ulinde duka."

Shangazi akamtazama kama fundi anayempima mteja kwa macho. Kisha akatabasamu.

"Haya. Lete suti nikupigie pasi. Na siku hiyo usiwahi, mwanangu. Mtu mkubwa hawahi. Waache wangoje mpaka wakujue."

Ushauri mtamu. Koma akaunywa wote na kulamba kikombe.

Siku ilipofika akachelewa vizuri, miwani isiyo na vioo puani. Akasukuma mlango wa ukumbi, tayari kwa makofi. Kimya. Watu wote wamesimama, vichwa vimeinama. Jukwaani, ndani ya mtandio mweusi, Shangazi alikuwa akilia kwa ufundi mkubwa, na mkuu wa idara alikuwa akimvutia kiti.

"Kuna nini?" Koma akamnong'oneza mhadhiri wa karibu.

"Profesa Kisogo ametutoka. Yule ndiye mjane wake. Wamempa nyumba, angalau apate pa kulilia."

"Uongo!" Koma akapaza sauti. "Kisogo ni mimi!"

Ukumbi mzima ukageuka. Shangazi akainua pembe ya mtandio.

"Maskini," akasema. "Marehemu alipata taabu sana na watu wa namna hii."

"Bwana," mkuu wa idara akasema, "mimi nimemfahamu Kisogo miaka mingi. Alikuwa mrefu."

"Mwembamba," mwingine akaongeza.

"Aliwahi kunikosoa kwa barua," akasema mhadhiri mmoja mama, akijifuta machozi. "Alikuwa mkali, lakini wa haki."

Kila mtu alikuwa na Kisogo wake, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia.

"Nipeni kalamu!" Koma akasema. "Nitaandika sasa hivi, mtamtambua!"

Wakampa. Akaandika aya moja ya Kiingereza, na ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kuandika. Mkuu wa idara akaisoma taratibu, akachomoa kalamu nyekundu, akaikata katikati.

"Unajitahidi," akasema, kwa upole unaoua. "Lakini Kisogo haandiki hivi. Unamwiga, humwelewi. Haya, simama na wenzako tumalizie dakika ya ukimya."

Walinzi wawili walikuwa wamekwisha kusogea. Koma akasimama. Akainamisha kichwa, na machozi yakamtoka, ya kweli, mpaka yakalowesha suti iliyopigwa pasi. Mhadhiri wa jirani akampa leso.

"Inaonekana ulimpenda sana," akanong'ona.

"Kuliko mtu yeyote," Koma akasema.