Ndama wa Kasoro Kilo Mia na Kumi

Jamani, leo sina uso. Kama kuna mwenye uso wa ziada aniazime mpaka wiki iishe.

Nipo Wasso, gesti. Nimeoga mara mbili na bado nanuka ndama. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Kwa wasiojua: mimi Paskalina wa Karatu ndiye yule anayezunguka Loliondo akipima ng'ombe wa watu. (Mama huwaambia majirani nafanya kazi "ya kompyuta". Naomba iendelee hivyo.) Mradi wetu unataka wafugaji wajue uzito wa ng'ombe bila mizani. Unachukua futi ya fundi cherehani, unamzungushia mnyama kifuani, unasoma sentimita, unapata kilo. Ukijua kilo, unajua umnyweshe dawa ya minyoo kiasi gani. Ukizidisha, ndama anakufa. Ukipunguza, minyoo inakushukuru.

Miezi yote hii nimepima vifua kwa futi na kilo kwa mizani. Nimepigwa teke Ololosokwan, nimepigwa teke Sale, kwa ajili ya grafu moja. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuionyesha Enguserosambu. Kijiji kikikubali, mkataba wangu unaongezwa. Kikikataa, narudi nyumbani kumsaidia shangazi kung'oa vitunguu.

Basi asubuhi nikafungua kompyuta nimalizie grafu kwenye R. Hiyo R ni programu ya takwimu. Jina lake ni herufi moja, na utu wake ni kiasi hicho hicho.

Nukta, kila moja ng'ombe mmoja, zilikuwa zimekaa vizuri. Chini kushoto ndama, katikati mitamba, juu kulia madume. Lakini hazikunyooka. Zilikuwa zinapinda: kwa ndama zinapanda polepole, kwa wakubwa zinashika kasi. Nikaiagiza R itafute mstari uliopinda unaopita katikati yao. Ikautafuta vizuri tu. Nikaandika amri ya kuuchora, `lines`, nikabonyeza.

Mungu wangu! Nilitaka mstari mmoja, nikaletewa fujo. Nyuzi zinakwenda, zinarudi, zinakatana, kama kuku aliyeingia kwenye kikapu cha uzi na kupoteza njia ya kutokea.

Bosi akatokea nyuma yangu na chapati mkononi. Bosi wangu anaitwa Minja, anavaa koti la suti hata kwenye vumbi.

"Dada Paskalina, hicho ni kiota?"

"Ni mstari, bosi."

"Upi kati ya hiyo?"

Nikainamia kompyuta. (Kwa sababu sikujua. Hapo ndipo nilipaswa kuuliza mtu. Sikuuliza, maana nina kiburi cha watu wawili.)

"Weka ulionyooka," akasema. "Na hivi vinukta vya ndama huku chini vitoe. Vinaharibu mstari."

"Bosi, ndama nao ni ng'ombe."

"Wafadhili wanapenda kitu kimenyooka, dada. Gari linaondoka baada ya dakika kumi."

Nikatoa ndama. Wote! Nikaiambia R iweke mstari mnyoofu kwa `abline`. Ukatoka safi, umenyooka kama fimbo, ukapita nukta za wakubwa ukaendelea kushoto mpaka ukingoni mwa grafu. (`abline` haina breki.) Bosi akasema, "Umeona?" Nikasema, "Nimeona." Sikuwa nimeona chochote.

Enguserosambu walituweka darasani, shule ya msingi. Wazee mbele, akina mama dirishani, vijana mlangoni. Projekta ikawaka kwa betri ya gari. Mwenyekiti wa kijiji, Parmwat, akawa mkalimani wa kugeuza Kiswahili changu kuwa Kimaasai, na kwa jinsi watu walivyokuwa wanacheka kabla sijamaliza sentensi, nadhani alikuwa anaongeza chumvi.

Nikaeleza: "Chukua sentimita za kifua, zidisha kwa tano, toa mia nne na sitini. Hizo ndizo kilo."

Mzee mmoja akanyoosha fimbo yake kwenye ukuta. "Binti, huu mstari huku chini unaenda wapi?"

"Huko chini hakuna ng'ombe, mzee," nikajibu. Kwa tabasamu! Laiti ningejifunga mdomo kwa ile futi.

Tukatoka nje kwa majaribio. Wakaleta dume la mwenyekiti. Kifua mia moja hamsini na mbili. Nikapiga hesabu kwa sauti: kilo mia tatu kamili. Wazee wakaitikia kwa vichwa, mwenyekiti akasema hata yeye angekadiria hivyo. Makofi! Bosi Minja akaweka koti lake sawa na kusogea karibu yangu ili kwenye picha za mradi tutokee wote wawili.

Ndipo akaja Yeyo Nasieku (yeyo ni mama kwa Kimaasai). Mama mtu mzima, mwembamba, kamkumbatia ndama kifuani.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia. Kisha kwa Kiswahili chake: "Huyu anaharisha. Mwingine nilimpa dawa nyingi, akafa. Huyu nimpe ngapi? Mwulize mstari wako."

Huyo ndiye mtu ambaye mradi mzima ulianzishwa kwa ajili yake, jamani. Nikamzungushia ndama futi kwa mikono yangu miwili. Sentimita sabini.

Sabini mara tano, mia tatu hamsini. Toa mia nne na sitini...

Nikarudia. Nikarudia tena, polepole, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko uleule.

"Ngapi?" akauliza mwenyekiti.

"Kuna... kuna hitilafu ndogo."

"Binti, sema tu. Ngapi?"

"Hasi mia moja na kumi."

"Hasi ndiyo nini?"

"Ni... kasoro. Chini ya sifuri."

Mwenyekiti akawageukia watu akatafsiri. Nikasikia kicheko kimoja upande wa akina mama, halafu uwanja mzima. Wazee wenye heshima zao wakashikana mabega! Mmoja alikaa chini kabisa.

Yeyo Nasieku peke yake hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. "Kwa hiyo dawa simpi," akasema. "Nimkamue yeye ndiyo atoe dawa?"

"Hapana, Yeyo, ni kwamba mstari..."

"Mbebe." Akanitupia ndama mikononi. "Mbebe uniambie kama hana kilo."

Nikambeba. Mwenyekiti akapaza sauti: "Mshikeni huyo dada! Kasoro mia na kumi, wataruka wote wawili waangukie Sale!"

Hatukuruka. Nilirudi hatua moja nyuma, kisigino kikakanyaga mavi mabichi, nikaenda chini chali, na ndama juu yangu. Na ndama anaharisha. Mmesahau? Mimi sikupewa nafasi ya kusahau. Shati, shingo, sikio la kushoto.

Nikatafuta macho ya bosi wangu. Minja alikuwa mbali kule kwenye gari, simu sikioni. Pale pale Enguserosambu, ambapo tangu tufike mtandao haujashika hata kidogo! Alikuwa anaongea na nani? Na mababu?

Aliporudi aliniambia, mbele za watu: "Dada, siku zote nasema, uwe makini."

MIMI!

Ningemjibu ningefungwa. Nikaketi kwenye ngazi ya darasa nilivyo, nikafungua kompyuta kwa kidole kimoja kisafi. Nikarudisha ndama wote kwenye jedwali. Nikaita tena ule mstari uliopinda. Kikapu cha uzi kikarudi. Nikakikodolea macho kwa hasira mpaka nikaelewa: R inaunganisha nukta kwa jinsi zilivyoandikwa kwenye jedwali, na mimi niliandika jinsi nilivyopima. Dume, ndama, mtamba, ndama, dume. Mstari ulikuwa unakimbia huku na huku kumfuata kila mmoja! Kilichokosekana ni kuwapanga tu, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Amri moja, `order`. Herufi tano. Kwa herufi tano nimepakwa mavi.

Nikabonyeza. Mstari mmoja ukapinda taratibu, ukapita katikati ya ndama, ukapanda na madume. Nikausoma pale penye sentimita sabini.

"Yeyo," nikamwita. "Kilo ishirini na tisa."

Mwenyekiti hakukubali maneno matupu, na simlaumu. Tukatoa garini mizani ya kuning'iniza, ile niliyopimia ndama wa grafu, ndama akafungwa kamba, akalia. Thelathini kasoro kidogo. Safari hii hakuna aliyecheka. Tukapima dawa, Yeyo akamnywesha mwenyewe, taratibu, akimpangusa mdomo kwa pindo la shuka.

Kisha akasimama akasema kitu kirefu kwa Kimaasai, watu wakaitikia. Mwenyekiti akatutafsiria: "Anasema tukubali. Lakini mstari awe anauchora huyu binti. Yule mwenye koti asiuguse."

Bosi akakohoa. Nikaangalia pembeni nisionekane meno.

Kwa hiyo mkataba upo. Nilidhani yameisha. Nimefika Wasso nikapita kwa mama lishe ambaye sijawahi kumwona maishani, na habari imefika kabla yangu, maana kaniuliza kwa upole kabisa: "Karibu, Dada Kasoro. Chai ya rangi au ya maziwa?"

Nina digrii, jamani.