Goti la Nyumba Namba Sita

Jumapili, 6 Julai 1986

Baridi ya Kawangware imehamia kwenye goti langu la kushoto, na haina nia ya kutoka. Kanisani watu walisimama kuimba. Mimi nilifanikiwa kusimama walipofika ubeti wa tatu, na wimbo wenyewe ulikuwa na beti tatu. Kisha Wakarima, mke wangu, akanishusha kwa mkono mbele ya watu wote kama gunia la viazi. Aibu!

Halafu Ng'ang'a. Ana ploti jirani na yangu. Kati yetu kuna ua wa michongoma na chuki ya miaka kumi na sita. Mwaka juzi aliwekewa nyonga ya chuma. Leo alipeleka sadaka mbele bila mkongojo. Akarudi. Akakumbuka amebaki na sarafu mfukoni, akaenda tena. Najua alikumbuka makusudi.

Baada ya ibada mchungaji alitangaza kwamba daktari mgeni wa mifupa anakuja hospitali ya misheni kwa wiki mbili. Ana magoti ya chuma kumi na mawili tu. Wenye magoti yaliyokwisha kabisa wapeleke picha zao za eksrei siku ya Ijumaa. Kumi na mawili! Moja ni langu. Nimeamua.

Jumatatu, 7 Julai

Nilitoa picha yangu chini ya godoro, nikaiinua dirishani. Goti zuri. Nilikasirika sana.

Kule zahanati wameshaniambia mara mbili kwamba goti langu limeanza tu kulika. Nimeze vidonge vitatu kwa siku baada ya chakula. Nipunguze tumbo. Nifunge mfuko wa mchanga mguuni na kuuinua mara thelathini, asubuhi na jioni. Mimi, mwenye nyumba tisa za kupangisha, niinue mchanga! Vidonge navimeza, lakini vya siku mbili kwa mpigo, siku ninapotaka kuonekana. Ndiyo maana tumbo linawaka moto. Wakarima anasema linawaka kwa ubishi.

Jioni nilipita nyumba namba sita. Anakaa Benard Oyoo, fundi wa sakafu za terazo, mtu wa kule Ziwani, mpole. Miaka ishirini amepiga magoti kwenye sakafu za watu wengine. Sasa anaenda chooni kwa kushika ukuta. Alinionyesha picha ya goti lake la kulia. Mama yangu! Mfupa umelalia mfupa, hata wembe haupiti katikati. Hakuna daktari anayeweza kuikataa picha kama hiyo.

Nimelionea wivu goti la mpangaji wangu. Nimeandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Jumanne, 8 Julai

Mpango! Namba sita inavuja tangu mvua za Aprili. Oyoo ameniomba bati mara nne, nami nimemjibu mara nne kwamba nalifikiria. Leo nimeona faida ya kufikiria. Nilimwambia picha ya eksrei ikinyeshewa inafutika yote. Kwangu hakuvuji. Nitamtunzia mpaka Ijumaa asubuhi, maana na yeye anakwenda kwa daktari. Mkewe Akoth alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniletea chai. Oyoo alinikabidhi bahasha kwa mikono miwili.

"Asante mzee," alisema. "Hiyo picha ndiyo miguu yangu."

Nilikunywa chai haraka, ikaniunguza ulimi.

Mambo ni rahisi. Ijumaa nitampa bahasha yenye picha yangu, mimi nibaki na yake. Nani anajua kusoma vitu hivi? Mfupa ni mfupa. Tena yeye ana miaka arobaini na sita, mimi sitini na mmoja. Yeye anaweza kungoja. Nilijisikia vibaya mpaka saa ya chakula.

Jumatano, 9 Julai

Kikwazo. Kila picha ina jina la mwenyewe kwenye kona. Nilikata kona zote mbili kwa makasi ya Wakarima ya kushonea, nikabandika plasta na kuandika majina upya. Jina langu, Gachanja, kwenye goti la Oyoo, jina la Oyoo kwenye goti langu. Kazi safi kabisa.

Wakarima aligundua kwamba makasi hayakati tena kitambaa. Akauliza nilikuwa nakata nini. Nikasema kucha. Akaitazama miguu yangu, akasema hajaona kucha iliyokatwa hapo tangu Krismasi.

Alhamisi, 10 Julai

Wazo jipya: nisimeze kidonge hata kimoja, ili kesho maumivu yajionyeshe yenyewe. Wazo baya! Kufikia saa nne asubuhi sikuweza kushuka kitandani. Nililia kwa sauti.

Nikiwa pale nilimkumbuka baba. Miaka yake mitatu ya mwisho hakutembea. Asubuhi tulimbeba kumtoa nje, jioni tulimbeba kumrudisha ndani, na alikuwa akigeuza uso ili asituone. Hiyo ndiyo siri yangu. Simwogopi Ng'ang'a. Naogopa kubebwa.

Saa tano nilimeza vidonge saba. Saa saba nilikuwa natembea na kutapika kwa pamoja. Mchana nilifanya mazoezi ya kuchechemea mbele ya kioo cha kabati. Nachechemea vizuri sana.

Ijumaa, 11 Julai

Siku yenyewe. Tulikwenda kwa pikapu ya kanisa, mimi mbele na dereva, Oyoo nyuma juu ya gunia. Nilimpa bahasha. Akanishukuru tena. Natamani aache kunishukuru.

Watu wapata tisini kwenye mabenchi. Muuguzi anaitwa Sista Nasipwondi, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Yeye anapokea picha, daktari anaitazama kwenye mwanga, mgonjwa anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Basi. Na nani alikuwa amesimama mlangoni? Ng'ang'a! Ameitwa aje awe mfano kwa wagonjwa. Suti ya kijivu. Akanitolea tabasamu.

Nilikuwa nimejiandaa kuchechemea, naapa. Lakini macho ya Ng'ang'a yaliponifikia, mgongo ulinyooka wenyewe. Nilitembea kama askari kwenye gwaride, kwenda na kurudi, jasho likinitiririka mpaka kiunoni. Nikajua nimejimaliza.

Daktari akatazama picha. Akanitazama mimi. Akatazama picha tena. Sista akatafsiri kwamba daktari hajawahi kuona mtu mwenye goti bovu namna hii akitembea namna ile, na kwamba mimi ni mtu jasiri. Goti namba kumi na moja ni langu! Kulazwa Jumapili, kupasuliwa Jumatatu jioni. Ng'ang'a aliacha kutabasamu. Nilitaka wakati usimame hapo hapo.

Haukusimama. Oyoo aliitwa. Alitembea mpaka mlangoni akishika ukuta, na watu kwenye mabenchi wakainamisha vichwa. Daktari akaitazama picha yenye jina lake. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu.

"Mzee, wanasema goti yangu bado ni nzuri," alisema. "Labda hii uchungu iko kwa kichwa yangu tu."

Wamempa vidonge vitatu kwa siku na mfuko wa mchanga. Nilimwambia madaktari wanajua kazi yao.

Jumamosi, 12 Julai

Furaha tupu. Majirani wamekuja kunitakia heri. Nimewasimulia juu ya ujasiri wangu mara sita, na kila mara mlango wa hospitali umekuwa mbali zaidi.

Lakini ukuta wa mabati hauzuii kitu. Upande wa namba sita, Oyoo anainua mchanga. Akoth anamhesabia kwa Kijaluo. Wakifika saba, kimya. Halafu wanaanza tena moja. Asubuhi, na tena jioni, kama alivyoagizwa. Huo mchanga ni wangu, mimi niliyeandikiwa na zahanati. Nilimwambia Wakarima aongeze sauti ya redio.

Jumapili, 13 Julai

Nimelazwa. Shuka nyeupe, mto laini, wali mchana. Kisha Sista Nasipwondi akaja na kikopo cha dawa ya zambarau, akapaka alama kwenye goti langu la kulia.

Nilicheka kwa adabu, nikamwambia ni la kushoto. Akasema picha inasema la kulia. Akanionyesha. Pale pembeni, chini, kuna herufi ndogo nyeupe, iliyowekwa na mashine kuonyesha ni mguu upi. Nilikata majina. Herufi sikuiona!

Nilifikiri haraka. Nikasema maumivu yalikuwa kulia, juzi yakahamia kushoto. Daktari akaitwa. Akalikunja la kulia, likakunjika kama la kijana. Akalikunja la kushoto, nikapiga yowe. Akaagiza nipigwe picha mpya. Kumbe mashine wanayo hapa hapa, mlango wa tatu! Dakika ishirini tu. Kushoto: goti zuri, kama kawaida yake.

Sista alivuta pazia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee, mwenye hii picha anaumia sana," alisema. "Nipe jina lake kabla ya kesho saa kumi, tutamfuata na goti litakuwa lake. Sitakuuliza kitu kingine."

Jumatatu, 14 Julai

Jina ni neno moja. Niliamka nalo mdomoni. Lakini saa tatu wakaingia Ng'ang'a na mchungaji, wamekuja kuniombea kabla ya upasuaji. Ningesema vipi mbele yao? Waliomba, wakaimba, wakala ndizi zangu. Ng'ang'a alinieleza habari za nyonga yake mpaka saa sita.

Walipoondoka nikapata wazo bora kuliko yote ya mwaka huu. Barua isiyo na jina! Niliandika kwamba mwenye picha ni Benard Oyoo, Kawangware, ploti ya Gachanja, namba sita, na kwamba aliyeandika ni mtu mwema tu. Saa nane nikaitumbukiza kwenye sanduku la mbao lililoandikwa MAONI, karibu na mlango. Oyoo anapata goti, Gachanja hapotezi kitu. Nililala usingizi mtamu.

Saa kumi Sista akaja. Akaniuliza mara moja tu. Nikanyamaza, karibu nimkonyeze. Akanitazama, akatoka. Punde akapita mama mzee anayeitwa Seline, akisukumwa juu ya kitanda chake kwenda kuwekewa goti namba kumi na moja. Nikamuuliza mfagiaji sanduku la maoni hufunguliwa lini. Akasema mwisho wa mwezi.

Kitanda cha Seline kilikuwa bado hakijafika kwenye kona. Sista alikuwa akitembea nyuma yake, na mlango wangu ulikuwa wazi. Ningeweza kuita. Sikuita.

Jumatano, 23 Julai

Siku ya kutoka, karani wa hospitali alinirudishia picha ya Oyoo, maana ina jina langu. Nyumbani nimesema daktari aliahirisha kwa sababu ya presha. Wakarima hakuuliza, jambo linalonitisha zaidi.

Leo Oyoo amehama. Hawezi tena kazi ya terazo, na mvua ya juzi imelowesha kitanda chao. Anakwenda kwa ndugu yake Nashon, Lindi, kule Kibera. Nashon alimbeba mgongoni kuvuka matope mpaka kwenye mkokoteni. Oyoo aligeuza uso ili asituone.

Nimewahi kumwona mtu akigeuza uso hivyo.

Kabla hajapandishwa aliomba apitishwe mlangoni kwangu. Alinirudishia bahasha, ile yenye goti langu zuri, eti nimwekee, kwangu hakuvuji. Akanipa na mfuko wa mchanga.

"Jaribu na wewe mzee," alisema. "Mimi imenikataa, labda wewe itakusaidia."

Akoth hakuniaga. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia, na si kwa sababu ya goti.

Alhamisi, 31 Julai

Sista Nasipwondi amekuja, kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo. Sanduku limefunguliwa. Hakuuliza nani aliandika. Alikuwa na barua yangu mkono mmoja na fomu niliyojaza kulazwa mkono wa pili, na mwandiko ni mmoja.

Nilimwambia Oyoo amehamia Lindi. Akasema Novemba anakuja daktari mwingine, na magoti kumi. Nafasi ya kwanza ameshamwandikia mwenye ile picha. Mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia, kwa sababu ni mimi ninayemjua, na kwa sababu inanipasa. Nikaapa kwa Biblia ya Wakarima. Niliapa kwa moyo wangu wote. Machozi yalinitoka, na Sista akanishika bega kabla ya kuondoka.

Lindi si mbali. Mwenye magoti mazima anafika kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Langu leo linauma. Kesho kuna baridi. Jumamosi labda.

Jioni nilitoa picha ya Oyoo kuipangusa vumbi. Nikaiinua dirishani. Mfupa umelalia mfupa, vile vile. Na ile herufi pembeni, ndogo kama kunguni. Niliitazama sana. Halafu, bila kukusudia, nikaigeuza picha upande wa pili. Ukiigeuza, goti la kulia linakuwa la kushoto! Inabaki herufi tu.

Daktari wa Novemba hanijui. Sista lazima huwa anakwenda likizo. Na nafasi ya kwanza ameandikiwa mwenye picha, Sista mwenyewe kasema hivyo, na picha iko kwangu.

Mimi sitabebwa.

Wakarima ameficha makasi. Nimepata wembe.