Nyumba ya Nafiso Juu ya Gari

Jumatatu, 1 Septemba 1952. Garissa.
Namuoa Nafiso Alhamisi, kambini kwao, njia ya Modogashe. Nyumba yake, fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa na shangazi zake mwaka mzima, iko hapa mjini. Isipofika, hakuna harusi. Mama mkwe Hawo anataka ibebwe na ngamia wa Rage. Rage! Aliyemposa Nafiso kabla yangu! Nimekataa katakata. Itapanda juu ya paa la gari langu. Paa ni la mbao na turubai tu, lakini lina moyo.

Jumanne, 2 Septemba.
Nimefunga. Kamba zimepita chini ya tumbo la gari, kama ngamia anavyofungwa. Ngamia hulalama akipakiwa, lakini gari halikulia hata kidogo!
Kwenye kizuizi cha barabarani askari akaruka. Eti mzigo umetokeza pande zote mbili, na nyuma hakuna kitambaa chekundu. Nikarudi, nikafungua, nikafunga upya. Chini ya tumbo, vilevile. Kitambaa chekundu nimekipata humo humo mzigoni. Kizuri sana.

Jumatano, 3 Septemba.
Subhanallah!
Mama mkwe alikaa nyuma na mdogo wangu Nuh. Kwetu mkwe hasemi na mkwewe. Neno lake hupitia kwa Nuh. Katikati ya safari akaanza kugonga kiti changu kwa fimbo. Nikaelewa: anataka mwendo. Nikakanyaga mafuta. Akazidi kugonga. Kumbe mama anapenda mbio!
Lo! Tumboni mwa gari mna chuma kinachozunguka. Nani aliniambia? Kikaikamata kamba, kikaivuta, kikaivuta, na paa likanishukia kichwani. Tulitokea madirishani, hata mama mkwe. Astaghfirullah, mimi sikutazama.
Kumbe aliona kamba inaliwa na akamwambia Nuh aniambie. Nuh alikuwa amelala!
Na kile kitambaa, kilichobaki vipande miibani, ndicho Nafiso angevaa harusini. Nimeketi chini nikalia.

Alhamisi, 4 Septemba.
Alfajiri, nani anakuja? Rage na ngamia wake! Mama mkwe alimwagiza tangu Jumatatu atufuate nyuma. Tangu Jumatatu, wallahi!
Fito hazikuvunjika hata moja; ngamia wakabeba nyumba hadi kambini. Alasiri nyumba imesimama, na nimeoa. Nafiso amevaa kitambaa cha kuazima. Hajanitazama.

Jumamosi, 6 Septemba.
Ngamia mmoja wa Rage anachechemea. Nimemwambia nitampeleka Garissa kwa daktari wa mifugo. Injini bado inawaka, na sasa gari halina paa: ngamia atakaa ndani, shingo juu, raha mustarehe. Rage amebaki mdomo wazi. Wivu huo!
Kosa lilikuwa kamba nyembamba. Nimepata nene. Itapita chini ya tumbo la ngamia, kisha chini ya tumbo la gari.
Nuh ameleta ujumbe: nisithubutu. Nimemjibu amwambie mama mkwe asiwe na hofu.
Nuh anasema ujumbe hautoki kwa mama mkwe. Unatoka kwa Nafiso.