Televisheni ya Nchi Ishirini na Sita

Wakazi wote wa Kaloleni, na hasa wale wa mstari wetu wa nyumba, wanajulishwa kwamba mimi, Munyoki, Karani Mkuu wa Daraja la Pili katika Idara ya Vibali Mbalimbali, nimeamua nyumba yangu ipate televisheni. Sisemi kitelevisheni. Nasema televisheni kubwa ya inchi ishirini na sita, yenye rangi zote zilizoidhinishwa, miguu minne, na milango ya mbao inayofungwa kwa ufunguo ili isitazamwe ovyo.

Uamuzi huo niliusoma nikiwa nimesimama, Jumapili baada ya kanisa, mbele ya mke wangu Mbithe na binti yetu Nthoki wa miaka kumi na mmoja. Nthoki akapiga makofi. Kwaya ya shule yao ilikuwa imerekodiwa, na ingeonyeshwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa moja jioni. Ubeti wa pili aliuimba yeye peke yake.

"Itakuwa imefika, Baba? Utaniona?"

"Maombi ya mdomo hayapokelewi," nikamwambia kwa upole. "Andika, umpe katibu."

"Katibu ni nani?"

"Mama yako."

Katibu alikuwa anachambua maharagwe. "Baba Nthoki, wacha mchezo. Pesa iko. Wiki tatu ziko. Si twende tu town kesho tuchague, tubebe, tukuje nayo?"

Watu walio nje ya utumishi hufikiri hivyo. Nikamweleza kwamba chombo cha ukubwa ule kinahitaji kibali kutoka Idara ya Vibali Mbalimbali.

"Na si wewe ndiye hiyo idara?"

"Ndiyo maana lazima niombe. Nikijipa tu bila kuomba, watu watasema nini?"

"Watasema uko na televisheni."

Nikamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Akanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akarudia maharagwe yake. Katika kumbukumbu za mkutano niliandika kuwa katibu aliafiki.

Jumatatu nikamwita Ndung'u, mpiga chapa wetu wa miaka mingi, mtu mwepesi wa vidole na mzito wa masikio. Nikamsomea: naomba kibali cha kumiliki televisheni ya inchi ishirini na sita. Akapiga chapa, nikatia sahihi, muhuri ukagongwa. Barua sikuisoma. Afisa anayesoma barua anazotia sahihi anaonyesha kwamba haiamini idara yake.

Baada ya siku saba niliitwa juu kwa Mkurugenzi, Bwana Mbuthia, mtu wa tumbo la kutosha na maneno machache. Alifunga mlango kwanza.

"Munyoki. Televisheni ya nchi ishirini na sita?"

Nikachungulia ile barua mezani. Lo! Ndung'u alikuwa ameila ile i. NCHI, kwa herufi kubwa, na chini yake sahihi yangu, na juu ya sahihi yangu muhuri wa idara.

Hapo mtu wa kawaida angesema, samahani, mkubwa, ni makosa ya chapa. Lakini waraka unaosema kwamba barua yenye muhuri haina makosa niliuandika mimi mwenyewe, na nilikuwa nimeadhibu watu kwa kuuvunja.

"Ndiyo, mkubwa," nikasema.

"Kituo chetu kinaonyesha nchi moja. Hii. Haijakutosha?"

Jasho likanitiririka mpaka kwenye tai. "Imenitosha kabisa, mkubwa. Hizo ishirini na tano ni za kulinganisha tu. Tuone zilivyobaki nyuma."

Mkurugenzi akahakikisha mlango bado umefungwa. Halafu akainama, akashusha sauti. "Ziko na mpira?"

"Baadhi, mkubwa."

"Lete orodha ya majina."

Jioni hiyo Kamati ya Kuteua Televisheni ilikaa mezani na atlasi ya shule ya Nthoki, ikaanza kuteua nchi.

"Ai! Sasa tunanunua nchi?" Mbithe akauliza.

"Tunaziorodhesha. Kwa sababu za kiusalama."

"Haya, weka Uganda. Dada yangu ako Jinja, labda atapita tumuone."

Nthoki alitaka Brazili kwa kuwa kwenye ramani ilikuwa ya manjano. Tulikwenda vizuri mpaka ya ishirini na tano, kisha tukabishana saa nzima kama Zanzibari ni nchi au ni sehemu ya nchi. Tulipoahirisha kikao, Nthoki akanikabidhi karatasi iliyokunjwa mara mbili. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule: *Naomba kuonekana na Baba, Jumamosi, saa moja jioni. Wako mtiifu, Nthoki.*

Barua ilikuwa na tarehe na sahihi. Kwa kweli nilijivuna. Nikaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nikamwambia majibu hutoka ndani ya siku thelathini.

"Jumamosi ni siku kumi na mbili zijazo, Baba."

Nthoki alipoenda kulala, Mbithe akaifunga atlasi. "Ni herufi moja tu, Baba Nthoki. Nenda useme ulikosea."

"Mkubwa hakosei."

"Herufi ni moja. Na mtoto pia ni mmoja," akasema, akazima taa nikiwa bado mezani.

Orodha niliipeleka juu kwa Mkurugenzi; Jumamosi ikafika, kibali hakijafika. Mezani, mahali pa televisheni, palikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma Mbithe kwa ajili yake, na juu ya kitambaa hapakuwa na kitu. Saa kumi na mbili unusu gari la idara likasimama nje. Akashuka Mkurugenzi pamoja na maafisa wawili, na kreti nzima ya soda.

"Tumekuja kukagua," akasema.

"Kukagua nini, mkubwa?"

"Televisheni. Kibali nimekutilia sahihi mwenyewe, hiki hapa. Brazili wanaingia uwanjani saa ngapi?"

Ikabidi nieleze. Kabla ya kibali, kununua ni kosa. Kibali ndicho hicho kimefika sasa. Na Jumamosi maduka ya town hufungwa saa saba mchana. Utaratibu wote ulikuwa umefuatwa barabara, na hatukuwa na televisheni. Mkurugenzi akakitazama kile kitambaa kama mtu aliyeletewa sahani bila nyama.

Ng'ambo ya njia tukasikia kelele za watu wengi. Ilikuwa nyumba ya Waruguru, auzaye uji na chapati kwenye lango la kiwanda kimoja kule Industrial Area. Alhamisi alikuwa ameenda town akarudi na televisheni ya inchi kumi na nne, isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari. Hakuunda kamati yoyote. Mbithe na Nthoki walikuwa huko tangu saa kumi na moja, na kisa cha nchi ishirini na sita kilikuwa kimefika nao.

Tukavuka. Waruguru akatupokea mlangoni, unga bado mikononi.

"Karibuni, wakubwa. Kumbe hata nyinyi hamna?"

"Sisi ni maafisa," Mkurugenzi akasema. "Tutakaa mbele."

"Mbele kumejaa. Wananchi wamekuja mapema. Nyinyi wenye nchi mtakaa chini, hapo mlangoni."

Wakakaa chini. Mkurugenzi akawekewa mtoto mchanga wa mtu mapajani, maana hayo ndiyo mapaja pekee yaliyokuwa wazi.

"Mama, hebu geuza kidogo," akanong'ona. "Weka Brazili."

"Hii ni ya inchi kumi na nne, mzee, na ya nchi moja." Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Dakika mbili kabla ya saa moja, picha ikawa chenga tupu. Waruguru akatutazama mmoja mmoja, akanichagua. "Munyoki, wewe ndiye mrefu. Toka nje ushike antena."

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaukamata mti wa antena. Nikageuza huku, nikageuza kule.

"Hapo hapo! Usisonge!" wakapiga kelele.

Nikajaribu hatua moja kuelekea dirishani, nichungulie tu. Ukelele ukapanda ndani, na sauti ya Mkurugenzi ndiyo iliyokuwa juu ya zote. "Munyoki! Rudi hapo! Hiyo ni amri!"

Nikasimama nikitazama ukuta. Nikaisikia kwaya. Kisha kwaya ikanyamaza, ikabaki sauti moja ndogo, ya mwanangu, safi kabisa. Jambo hili halitaingia katika kumbukumbu, lakini nililia, na kwa kuwa mikono ilikuwa kazini sikuweza kujifuta.

Makofi yalipoisha, Nthoki akaja mbio, mama yake nyuma yake.

"Baba, uliniona?"

"Nilikusikia, mama. Nilikusikia vizuri sana."

"Lakini uliniona?"

"Nilikuwa nimeshika antena." Nikaiachia, nikachutama nikawa kimo chake. "Niimbie hapa basi. Huo ubeti mmoja tu, nikuangalie."

Akanitazama usoni, akamgeukia mama yake, akanirudia mimi.

"Maombi ya mdomo hayapokelewi, Baba," akasema kwa upole. "Andika, umpe katibu."