Bawa la Landrova ya Kijiji

Jumatatu, 1 Julai 1974. Machochwe.
Nyama ya leo imefungwa kwenye gazeti la Nairobi. Mke wangu Mwanne alitaka kuwashia moto. Nikalinyakua! Picha ya gari la mashindano: limelala chini kama mjusi, pua bapa kama jembe, mgongoni bawa. Mwalimu Simioni akanisomea. Kumbe bawa si la kurukia. Upepo unalikandamiza, matairi yanashika ardhi, gari halitelezi. Maajabu! Jumapili ni Saba Saba, Mwenyekiti Wangwe atakwenda Mugumu kwa Landrova ya kijiji. Madereva tuko wawili, mimi na Mniko. Mniko anajua kupiga honi tu.

Jumatano, 3 Julai.
Nimepata bati. Lilikuwa juu ya choo cha ofisi, na kiangazi hiki halina kazi. Mwalimu kasema bawa liinamishwe mbele. Nimelifunga juu ya Landrova, mbele nikaliinua. Likiinama linaonekana lina huzuni. Nimepaka na mistari ya kijani ubavuni. Gari limesimama, lakini ungeapa linakimbia! Mniko kauliza kama ni kichanja cha kuanikia mihogo. Wivu.

Ijumaa, 5 Julai.
Majaribio. Nilimwomba Mwenyekiti apande ajionee. Kwenye mteremko wa mtoni nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kwa kitambo nilikuwa bingwa. Kisha upepo ukaingia chini ya bati. Krrr! Bawa likang'oka, likaruka mto, likatua katikati ya ng'ombe wa Mama Ghati. Wote mbio, hadi ndani ya shamba la mihogo la kijiji! Niligeuka kutazama. Landrova ikaingia mtoni.
Mwenyekiti alishuka polepole, viatu vimejaa maji.
"Maftah, lile lilikuwa paa la choo?"
"Ndiyo, mzee."
"Jana nilikaa humo, mwewe akinitazama."
Mniko alikuja na maksai kutuvuta. Gari lilipotoka tu, akapiga honi.

Jumapili, 7 Julai.
Mniko kampeleka Mwenyekiti Mugumu. Ufunguo nimenyang'anywa. Nimepewa mkokoteni wa maksai, nisombe maji ya zahanati. Niliona aibu, nikakataa chai. Mwanne kasema nishukuru, maksai hawana mafuta ya kukanyaga.
Mchana nimeukagua mkokoteni kwa utulivu. Kosa liko wazi. Uko juu mno, na zile pembe za maksai zinakamata upepo bure. Kesho nitaazima msumeno.