Sauti za Mama Kwenye Chumba cha Baridi

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumewekewa jicho ndani ya simu za kazi. Bwana wa kompyuta ametueleza kwa upole: ofisi haitasoma ujumbe wala kuona picha za mtu. Itaona tu simu ilipo, na ikiibiwa, itaifuta yote. Akatuomba tuhamishe mambo yetu binafsi. Tuhamishie wapi? Simu yangu nilimwachia mke wangu. Sioni sababu ya kutembea na simu mbili kama dalali. Na mtu akuwekee jicho mfukoni, halafu akuambie halitazami? Nimecheka moyoni. Fundi mwenzangu wa majokofu, tunayemwita Kiherehere, alikubali wa kwanza. Akashukuru na kushukuru.

Jumanne, 5 Machi

Dada amepiga tena. Anataka sauti za Mama. Mama hakupenda kuandika. Kila asubuhi alinitumia ujumbe wa sauti, mpaka wiki ile aliyotutoka. Zote zimo humu kwenye simu ya kazi. Nimemwambia Dada nitamtumia nikipata nafasi. Nafasi ninayo. Ila yeye alichukua cherehani, na kabati, na sahani za wageni. Nami acha niwe na changu.

Jumatano, 6 Machi

Dawa yao nimeipata! Fundi akiingia chumba cha baridi, mtandao hukatika. Kuta nene. Ofisi nzima inajua. Basi kesho nina kazi kwenye bucha kubwa. Simu itaingia kwenye baridi, mimi nitatokea mlango wa nyuma kwenda kwa mwenye bekari, ambaye namtengenezea friji kwa siri. Ofisi itaona nimefika buchani, kisha kimya. Watasema jamaa anachapa kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Sina nguvu ya kuandika, lakini nimweleze nani mwingine.

Simu niliiacha chini ya rafu ya maini. Bekari nikakawia. Kurudi, namkuta Kiherehere mlangoni mwa bucha na blanketi na chupa ya chai. Kumbe bosi aliona nimezama kwenye baridi tangu asubuhi, akaogopa nimegandia humo, akamtuma aje kuniokoa. Bosi huyuhuyu ambaye hajawahi kuniuliza hata nimeamkaje.

Kiherehere akauliza nilikuwa wapi. Ulimi ukanitangulia: nimeibiwa simu, nilikuwa namkimbiza mwizi. Papo hapo akampigia bwana wa kompyuta, akanipa niongee naye. Bwana akaniuliza, akarudia kuniuliza, kama nina hakika, maana maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia afute, afute kila kitu. Nilijua ninachosema. Simu iko ndani ya baridi, hiyo amri ya kufuta itapitia wapi?

Kiherehere akanifunika blanketi, akaenda zake. Nikaingia, nikaichukua simu, nikatoka nayo kifua mbele. Mtandao ukarudi. Amri ilikuwa inanisubiri hapohapo nje. Kioo kikawa cheupe, kikanikaribisha, kikaniuliza napenda lugha gani.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kizingitini. Nimelia mbele ya mwenye bucha. Akauliza kama ni baridi, nikasema ndiyo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimewaambia ofisini kwamba mwizi aliitupa simu, nikaiokota. Nikamvuta pembeni bwana wa kompyuta, nikamwuliza kama sauti za Mama zinarudi. Akasema hana nakala. Ofisi haikuwahi kugusa vitu vyangu, kama alivyotuahidi Jumatatu. Kumbe ni kweli hawakuwa wanasikiliza. Nimewachukia kwa hilo kuliko kwa yote. Laiti wangesikiliza.

Dada nimemwambia kampuni ndiyo iliyofuta. Nilimsikia akilia, nami nikaona haya kumbembeleza.

Jumapili, 10 Machi

Dada amekuja. Simu yake ya zamani iko hoi, inazimika ovyo. Ndani ilibaki sauti moja ya Mama, nayo tumewahi kuihamishia kwangu kabla simu haijafa kabisa. Imekufa mkononi mwake. Akaniambia, mdogo wangu, sasa ni hii tu duniani, iweke mahali pa salama. Nikamwapia.

Tumeisikiliza pamoja. Mama anamwambia Dada amwangalie nduguye, anajidai mjanja, ipo siku atajifungia nje mwenyewe na funguo zikabaki ndani. Halafu anacheka, anakohoa, anaaga. Dada hana ndugu mwingine, lakini sidhani Mama alikuwa ananisema mimi.

Nimeihifadhi kwenye simu ya kazi. Ina nafasi kubwa, na sasa nina hakika hawapekui. Kesho nina kazi kwenye ghala la samaki, na mwenye bekari analalamika friji imezima tena. Chumba cha baridi cha ghala kina kuta nene kuliko za bucha. Nimeshapata na uongo bora wa kumpa Kiherehere. Simu itabaki humo, na Mama ndani yake.